Je, Askari Wakizidi Wevi Hupungua?

 

Ndugu wasomaji, kila mwaka mikorosho ya Newala inapoanza kuangusha, mazungumzo ya barazani baada ya sala ya Isha hugeuka. Miezi mingine watu huzungumza maji na mvua na harusi. Lakini tangu Oktoba mpaka Januari huzungumza wevi. Huyu amekuta chini ya mikorosho yake pamekwisha kuokotwa usiku, yule kaibiwa gunia ndani ya nyumba naye amelala, na mwingine amefuatwa njiani akitoka mjini kupokea malipo yake. Mwaka huu mazungumzo hayo yamezaa jambo. Wazee wa upande wetu wameazimia kuiomba Serikali kituo cha polisi, na kila nyumba imetakiwa itoe matofali na fedha kidogo ili jengo lianze kabla ya msimu ujao. Nasi, kwa kuwa twasomesha watoto wa wote, tumeombwa tusimame msikitini baada ya sala ya Ijumaa tuwahimize watu watoe.

Tulitaka kukubali papo hapo. Lakini mzee mmoja, ambaye si mtu wa maneno mengi, alituuliza: "Maalim, mjini kuna kituo tangu zamani, na wevi wa mjini hawajakwisha. Hebu utwambie kwa ilimu na si kwa kubahatisha: askari wakizidi, wevi hupungua? Au twajenga nyumba ya kumlaza askari tu?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwomba muhula, tukasoma na kuwauliza waliosoma kuliko sisi, na haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika hapa badala ya kuyasema msikitini peke yake, kwani twajua mushkili huu si wa Newala tu. Nyumba nyingi zinazolisoma gazeti hili zinaujua.

Kwanza yatupasa tuondoe shaka moja. Wako wanaosema kwamba kuweka askari ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Maneno haya si sahihi. Bwana Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas, Kays bin Saad alikuwa mbele ya Mtume kama alivyo mkuu wa askari mbele ya amiri. Sayyidna Umar alipokuwa Khalifa, alikuwa akizunguka usiku katika vichochoro vya Madina yeye mwenyewe, mtu ambaye majeshi yake yalikuwa yakizishinda dola za Uajemi na Rumi. Basi ulinzi ni jambo la dini, na jicho linalokesha kuwalinda watu limeahidiwa malipo makubwa. Swali letu si kama ulinzi ni halali. Swali ni kama unafaa, na unafaa wapi, na kwa kiasi gani.

Na njia iliyo fupi ya kujua faida ya kitu ni kutazama siku kilipokosekana. Mwaka 1944 nchi ya Denmark ilikuwa chini ya Wajerumani, na mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani waliwakamata polisi wa nchi hiyo, wakawapeleka wapatao elfu mbili katika makambi ya Ujerumani. Denmark ikakaa bila ya polisi wake mpaka vita vilipokwisha Mei 1945. Watu wa Denmark ni watu wa taratibu, walakini wizi na unyang'anyi ulipanda mara nyingi kuliko ulivyokuwa. Tena mwaka 1969, tarehe 7 Oktoba, polisi wa mji wa Montreal, Kanada, waligoma. Hazikupita saa ishirini na nne. Benki ziliporwa, maduka yakavunjwa vioo na kuchukuliwa mali, watu wakauawa, hata jeshi likaletwa usiku kutuliza mji. Asubuhi ya siku ile mji ulikuwa mji wa amani. Aliyedhani kwamba watu huacha kuiba kwa tabia zao njema tu, na atazame siku ile.

Basi jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hili: ndiyo, askari ana faida, na pasipo na askari kabisa wevi huzidi. Lakini mzee hakuuliza habari ya kutokuwa na askari kabisa. Aliuliza habari ya kuwazidisha. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa na undani.

Katika mji wa Kansas City, Marekani, tangu Oktoba 1972 mpaka Septemba 1973, wakuu wa polisi walifanya majaribio ya mwaka mzima. Walizitwaa sehemu 15 za mji wakazigawa mafungu matatu. Katika fungu moja magari ya doria yaliendelea kuzunguka kama desturi. Katika fungu la pili yaliongezwa mara mbili na mara tatu. Katika fungu la tatu doria iliondolewa, askari wakawa hawaingii illa wakiitwa. Mwaka ulipokwisha wakahesabu. Wizi haukuwa na tofauti ya maana. Hofu ya watu haikuwa na tofauti. Na la ajabu zaidi, aghalabu ya watu hawakutambua kwamba doria imeongezwa au imepunguzwa. Gari lilipita, vumbi likatua, na mwizi alikuwa akijua kwamba likipita halirudi upesi.

Wako waliosoma habari hii wakasema: basi, polisi hawana kazi. Walakini walifanya haraka. Mwaka 1994, tarehe 18 Julai, katika mji wa Buenos Aires, Argentina, jumba la jumuiya ya Mayahudi lililipuliwa kwa bomu na watu 85 wakafa. Baada ya wiki moja Serikali ya Argentina iliweka askari wasimame usiku na mchana mbele ya majengo yote ya Mayahudi na ya Waislamu katika nchi nzima. Askari wale waliwekwa kwa ajili ya mabomu. Hawakuwekwa kwa ajili ya wevi wa magari. Lakini wataalamu wawili wa uchumi, Di Tella na Schargrodsky, walizichukua hesabu za magari yaliyoibiwa katika mitaa ya sehemu tatu za mji ule, wakaona jambo. Katika kipande cha mtaa ambapo askari amesimama, wizi wa magari ulipungua kwa kiasi cha robo tatu. Na katika vipande vya mtaa vya jirani, umbali wa hatua mia mbili au tatu tu, haukupungua.

Na London, baada ya mabomu ya tarehe 7 Julai 2005, askari walijazwa katikati ya mji kwa muda wa wiki sita, saa zao za kazi zikazidi kwa kiasi cha theluthi. Wizi na ujeuri ukapungua katika sehemu zile, kiasi cha sehemu moja katika kumi na kupita kidogo. Wiki sita zilipokwisha na askari wakarudi kwao, maovu nayo yakarudi.

Ukiziweka habari hizi tatu pamoja hazigombani. Askari ni kama kandili. Kandili humulika pale ilipowekwa, kwa muda inaowaka, na ukiitembeza mbio uwandani haimmulikii mtu. Askari asimamaye mahali palipo na wevi, akaonekana, huzuia. Askari apitaye ndani ya gari katika barabara kuu hazuii kitu, na akiondoka, giza hurudi lilipokuwa.

Na jambo jingine tulilojifunza ni kwamba maovu hayakutawanyika sawasawa kama mvua. Mtaalamu Lawrence Sherman na wenzake walihesabu miito yote ya polisi katika mji wa Minneapolis, Marekani, wakakuta nusu ya miito ile imetoka katika nyumba na pembe chache mno, kiasi cha 3 katika kila 100. Nasi hatuhitaji wataalamu watupimie Newala. Kila mama wa nyumba anazijua sehemu zetu tatu katika mia: njia itokayo mashambani kwenda ghala la chama alfajiri na magharibi, kituo cha mabasi na pikipiki usiku, vilabu vinavyouza pombe ya mabibo msimu unapokolea, na njia ya kutoka benki siku malipo ya mnada yanapoingia. Askari wawili wakisimama hapo kwa miguu, katika siku hizo na saa hizo, wana faida kuliko ishirini waliokaa ndani ya jengo jipya lililopakwa rangi. Twawaomba wazee wetu wayaandike haya katika barua yao kwa Serikali, wasiombe jengo tu.

Lakini yako maovu ambayo askari hayafikii hata akisimama mlangoni siku zote. Tangu mwaka 2007 mkoa wetu umekuwa na utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho zake chamani, zikauzwa kwa mnada. Ununuzi wa vichochoroni, ule tuuitao kangomba, umekatazwa. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likaletwa kuzibeba. Askari walikuwa wengi kuliko tulivyopata kuwaona. Je, kangomba ilikufa? Haikufa. Kwani kangomba haifanywi penye njia. Hufanywa uani, baina ya mtu mwenye fedha na mjane ambaye mtoto wake anaumwa na hana subira ya kungoja mnada. Yule hupima kwa kipimo chake, hulipa nusu ya thamani, na wote wawili hunyamaza, mmoja kwa tamaa na mmoja kwa dhiki. Hapo hapana polisi. Hapo pana Mwenyezi Mungu, na pana jirani ambaye angaliweza kumkopesha mjane yule shilingi elfu kumi.

Tena hebu tujiulize: korosho zilizoibwa usiku huenda wapi? Mwizi hazili. Huzipeleka kwa mnunuzi wa uani, ambaye haulizi zimetoka shamba gani. Na mnunuzi huyo twamjua, twamwamkia, na pengine twakaa naye safu moja. Sayyidna Umar katika kuzunguka kwake usiku alimsikia msichana mmoja akikataa amri ya mamake ya kutia maji katika maziwa ya kuuza. Mama alisema Umar hawaoni. Binti akajibu kwamba Mola wake Umar anawaona. Kisa hiki twawasomesha watoto kila mwaka, nao hukipenda. Lakini tumezingatia kwamba Umar alikuwa amekwisha kulikataza jambo lile na alikuwa akipita nje usiku uleule, na bado ulinzi wake usingalifaa kitu ndani ya nyumba ile lau si binti. Mlinzi wa nje na mlinzi wa moyoni hawabadilishani zamu. Kila mmoja ana lindo lake.

Liko na jambo la tatu, nalo ni zito, na hatuwezi kuliruka kwa sababu ni la mkoa wetu. Kuwapo kwa askari hakufai ikiwa watu wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa mwizi. Januari 2013 mjini Masasi, mzozo baina ya polisi na vijana wa pikipiki uligeuka fujo ya mji mzima. Majengo na magari yakatiwa moto, na roho za watu zikapotea. Askari walikuwapo, wala hawakuzuia, bali kuwapo kwao ndiko kulikowasha. Na Januari 2022 maofisa saba wa polisi walifikishwa mahakamani huko Mtwara wakishitakiwa kwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikatoa ripoti yake Julai 2023, ikapendekeza polisi watengenezwe upya katika mambo mengi. Hatuyataji haya kwa kuwatukana askari. Wako miongoni mwao watu wema, wamcha Mungu, wanaokesha kwenye baridi ya uwanda huu kwa mshahara mdogo. Twayataja kwa sababu aliyeonewa mara moja na askari hatampigia simu akimwona mwizi. Na polisi asiyepigiwa simu ni kama kipofu aliyepewa bunduki.

Hapa pana hesabu inayowadanganya wengi. Mtu husoma kwamba baada ya kituo kufunguliwa, kesi zilizoandikwa zimeongezeka, akasema: mwaona, kituo kimeleta wevi. La. Kabla ya kituo, mama aliyeibiwa kuku hakwenda kilomita kumi na tano kuandikisha kuku. Aliyepigwa na mumewe hakwenda. Sasa mlango u karibu, akaenda. Kitabu cha polisi huandika maovu yaliyosemwa, si maovu yaliyotendwa. Ikiwa kituo chetu kitajengwa na mwaka wa kwanza kitabu kikajaa, tusivunjike moyo. Huenda ikawa ndiyo dalili ya kwanza kwamba watu wameanza kuamini.

Sasa tumefika mahali ambapo kalamu yatuwia nzito, kwani lazima tuseme habari yetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita chuo chetu kiliibiwa paneli ya sola, ile iliyokuwa ikiwawashia watoto taa ya kudurusu usiku. Baada ya siku mbili jirani mmoja alitujia baada ya Alfajiri akatwambia amemwona aliyeichukua, na akamtaja. Tulimjua mtu huyo, tukawajua na wazee wake. Tukasema moyoni: tukienda polisi tutaitwa kushuhudia, tutapoteza siku, tutakuwa maadui wa nyumba ile, na paneli imekwisha kuuzwa. Tukanyamaza. Tukaita kunyamaza kwetu kuwa ni subira, tukawaambia na watoto kwamba Mungu atalipa. Jirani naye, alipoona mwalimu amenyamaza, akanyamaza.

Msimu wa korosho ukaingia, na wizi ukazidi, pengine kwa mkono uleule. Watu hawakuona mtu aliyekamatwa wala kuhukumiwa, hasira ikajaa kifuani kama maji kisimani. Ndipo alfajiri moja kijana akakutwa njiani na mfuko wa korosho begani. Akaulizwa, akababaika, kwani alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Sisi twajua, kwani tulimsomesha. Mtu mmoja akapiga ukelele wa mwizi. Tulipofika alikuwa chini, na watu walikuwa wengi kupita thelathini, na wawili wetu tukajitupa juu yake mpaka wakaacha. Korosho zile zilikuwa za mamake. Alikuwa akizipeleka chamani mapema ili awahi kibarua.

Hakufa, alhamdulillahi. Lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Askari walipofika kutoka mjini wakauliza nani amempiga, hapana hata mmoja aliyeona. Watu thelathini, na hapana aliyeona.

Tumelifikiri jambo hili usiku mwingi. Tungaliweza kusema kwamba kosa ni la askari, kwa kuwa walikuwa mbali. Na kweli walikuwa mbali. Lakini kabla ya askari kukosekana, shahidi alikosekana, na shahidi wa kwanza aliyekosekana ni sisi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Bakara, aya ya 283, amekataza kuficha ushahidi, akasema kwamba mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuipeleleze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tusije tukajuta. Aya hizi mbili tumezisomesha kwa miaka mingi. Ya kwanza tuliivunja sisi, na ya pili ikavunjwa na wanafunzi wetu.

Wako wanaosema kwamba dawa ni wananchi wenyewe kulinda, tusimngoje askari. Hili lina sura mbili. Mwaka 1981 na 1982, watu wa Shinyanga na Tabora, walipochoshwa na wevi wa ng'ombe, walianzisha sungusungu. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana, na Serikali ikawaunga mkono, hata mwaka 1989 ikawatungia sharia. Tangu 2006 nalo Jeshi la Polisi limekuwa likihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi katika mitaa na vijiji. Kabla ya hayo wazee wetu walikuwa na utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi, ambapo mgeni hakulala kijijini bila ya kujulikana. Faida ya haya yote ni dhahiri: jirani yupo siku zote, na askari hawezi kuwapo siku zote. Lakini sungusungu hao hao, mahali pengine, walipiga na kuua watu bila ya hukumu, wakawasingizia vikongwe uchawi. Mlinzi asiye na sharia juu yake huwa ndiye mwizi wa roho.

Na hata mlinzi mwema ana mpaka. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar usiku mmoja alisikia sauti za maasi ndani ya nyumba, akaparamia ukuta akaingia. Mwenye nyumba akakiri kosa lake, lakini akamkumbusha Khalifa kwamba yeye amekosa mara tatu: amepeleleza na Mungu amekataza kupelelezana, ameingia kwa ukutani na Mungu ameamuru nyumba ziingiwe kwa milango yake, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Umar alinyamaza, akamsamehe, akaondoka. Twataka kila askari na kila kijana wa ulinzi akijue kisa hiki. Khalifa wa Waislamu alisimamishwa na sharia ndani ya ukumbi wa mlevi, akatii.

Basi tumempelekea mzee wetu jibu, na twaliweka mbele yenu kwa ufupi.

Kituo na kijengwe. Sisi tumetoa matofali yetu, na Ijumaa ijayo, insha Allah, tutasimama kuwahimiza wengine. Lakini tusiyatwike matofali mzigo usio wake. Tuombe askari watembee kwa miguu penye njia tulizozitaja, katika siku za malipo na katika saa za giza, nao wajulikane kwa majina, na mtendaji wa kata akae nao kikao na wazee na mama zetu kila mwezi, watu waulize na wajibiwe.

Vijana wa ulinzi waandikwe katika serikali ya kijiji, wasizunguke kwa kujituma. Wakimkamata mtu wamfikishe mzima. Atakayempiga aliyekwisha kukamatwa, naye ni mhalifu kama wahalifu wengine, hata ikiwa aliyempiga kweli aliiba.

Kila nyumba ikubali kushuhudia. Ikiwa mtu mmoja anaogopa, waende watano. Ukelele wa mwizi ukipigwa, wa kwanza kufika na awe mwenye kuuliza, si mwenye kupiga.

Tusinunue korosho ambazo hatujui shamba lake, wala tusiuze kwa kangomba. Na jirani mwenye dhiki akopeshwe mpaka mnada ulipe. Umar mwaka wa njaa alisimamisha adhabu ya mwizi, kwa kuwa alijua njaa nayo ina sehemu yake katika kosa. Nasi tuiondoe njaa kwanza ndipo tulalamike.

Na nyinyi mama na baba, mtoto akirudi na simu ambayo hamkumnunulia, au fedha ambayo hamjui ameitoa wapi, muulizeni usiku huohuo. Swali la mamake usiku mmoja lina nguvu kuliko doria ya mwaka. Askari hukutana na mtoto huyo baada ya miaka kumi, na wakati huo aghalabu yamekwisha kuharibika.

Tuliporudi kwa mzee na maneno haya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Basi Maalim, askari atapunguza wevi wa njiani, na wa nyumbani ni juu yetu." Tukamwambia ndivyo. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na yule wa paneli, utamtaja?"

Tumekwenda, ndugu wasomaji. Tumekwenda mjini Jumatatu iliyopita pamoja na jirani yetu, tumeandikisha tulichokijua, baada ya miaka yote hii. Aliyetuandikia alishangaa kuletewa kesi ya zamani namna ile, lakini aliandika. Hatujui itafika wapi. Tulipokuwa tukirejea tulipita kwa kijana wetu tukamwomba radhi, naye alitupa mkono wa kushoto.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, awape insafu walinzi wetu, na atupe ulimi wa kusema haki hata juu ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.